Aliye benchi naye ana bei yake

Jumamosi kabla ya saa saba mchana, kijana wa Gasorwe anayecheza fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza huwa na kazi moja ya kumaliza: kuamua nani aanze na nani akae benchi. Saa saba ikifika, katika miezi ya baridi ya Ulaya, dirisha limefungwa, dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya mchana. Rafiki yake wa Ngara, ng'ambo ya mpaka wa Kobero, anaisoma saa hiyohiyo kuwa saa nane. Kundi moja lenye watu wa Muyinga, Ngara na Bukavu linaweza kugombana msimu mzima kwa sababu ya tofauti hiyo ya saa moja, na kila mwisho wa Machi, Waingereza wanapoisogeza saa yao mbele, ugomvi huanza upya.

Lakini saa haiwagharimu wengi. Kinachowagharimu ni majina. Mtu anapewa milioni 100 za kufikirika, anatakiwa kununua wachezaji 15, wasiozidi watatu kutoka klabu moja, naye anakwenda moja kwa moja kwa waliopamba mabango. Mchezo wenyewe hauna habari na mabango. Unahesabu dakika, na kazi ambayo mchezaji amepewa ndani ya dakika hizo.

Kanuni zake ziko wazi, ila chache husomwa hadi mwisho. Anayecheza chini ya dakika 60 anapata pointi moja. Anayefika 60 au kuzidi anapata mbili. Beki anavuna pointi nne timu yake isiporuhusu bao akiwa uwanjani, mradi amefikisha hizo dakika 60. Halafu kuna kanuni inayowaliza watu kila wiki: mchezaji wa akiba wa kikosi chako cha fantasi anaingia tu ikiwa uliyempanga hakukanyaga uwanja kabisa. Akiingizwa dakika ya 89, akagusa mpira mara moja na kipenga kikalia, umepata pointi moja na mlango wa benchi lako umefungwa. Beki uliyemwacha nje kwa dharau anakaa pale na pointi zake nane, unazitazama tu.

Kwa hiyo mchezaji mbaya kuliko wote katika fantasi si yule asiyecheza. Ni yule anayeingia kila wiki dakika ya 85.

Tatizo hili limekua kwa sababu soka lenyewe limebadilika. Uingereza iliruhusu mabadiliko ya wachezaji katika ligi mwaka 1965, na mwanzoni ilikuwa mchezaji mmoja tu, tena kwa aliyeumia. Baadaye wakawa wawili, kisha watatu. Janga la korona lilipokuja, mwaka 2020, sheria ya muda ikaruhusu watano, na tangu msimu wa 2022/23 Ligi Kuu ya Uingereza imebaki na watano. Maana yake kocha anaweza kubadilisha nusu ya wachezaji wake wa ndani kabla mechi haijaisha. Timu inayoanza si ile inayomaliza. Kumaliza mechi kumekuwa kazi ya watu wake maalumu, na anayepanga kikosi cha fantasi kwa kutazama orodha ya wanaoanza peke yake anatazama nusu ya picha.

Mchezo ulioigeuza kazi hiyo kuwa cheo kamili, miongo mingi kabla ya soka, ni besiboli. Kwa msomaji wa Muyinga huenda ni mchezo wa kwenye filamu, lakini kwa majirani wa Uganda si mgeni. Vijana wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto ya Little League, huko Pennsylvania, mwaka 2012. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers ikawasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Na mrushaji wa Kiganda, David Matoma, yuko katika mfumo wa vijana wa Pittsburgh Pirates, klabu ileile iliyompa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini nafasi ya kuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani, Aprili 2017.

Mechi ya besiboli ina awamu tisa. Mrushaji anayeanza huchoka, na pembeni ya uwanja wapo wenzake wa akiba wanaopasha misuli wakisubiri kuitwa. Kila mmoja ana saa yake. Mmoja huitwa awamu ya saba, mwingine ya nane, na wa tisa, mrushaji wa mwisho, ndiye anayekabidhiwa ufunguo wa kufunga nyumba. Akiingia timu yake ikiongoza kwa mikimbio isiyozidi mitatu, akarusha awamu nzima na kumaliza mechi uongozi ukiwa bado upo, anaandikiwa takwimu ambayo Wamarekani wanaiita uokozi. Mwandishi wa michezo wa Chicago, Jerome Holtzman, ndiye anayetajwa kuibuni, na mwaka 1969 ikawa takwimu rasmi. Mwaka 1980 Daniel Okrent na rafiki zake wa New York walipoanzisha ligi ya fantasi iliyozaa hizi zote zinazochezwa leo kwenye simu, uokozi ulikuwa mmoja wa vipimo vyao tangu siku ya kwanza.

Hapo ndipo watu wa fantasi walipojifunza kwa maumivu. Uokozi hauendi kwa mrushaji bora. Unaenda kwa mrushaji ambaye kocha amemkabidhi awamu ya tisa. Yule wa awamu ya nane anaweza kuwakabili wapigaji wakali zaidi wa upande wa pili, akawamaliza wote, na asiandikiwe kitu. Mwenzake akaingia na uongozi mnono wa mikimbio mitatu, akacheza na wapigaji wa mkiani, akaondoka na uokozi wake. Kocha akibadili mawazo asubuhi, cheo kinahama mchana, na aliyemnunua mwenye cheo kwa bei kubwa anabaki na jina. Mwenye busara humtazama yule wa awamu ya nane, ambaye bado ni rahisi, na kumnunua kabla cheo hakijamfikia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Mariano Rivera, mtoto wa kijiji cha wavuvi cha Panama. Mwaka 1996 hakuwa mrushaji wa mwisho wa New York Yankees. Cheo kilikuwa cha John Wetteland, aliyepata uokozi 43 msimu huo. Rivera alikuwa akifungua njia mbele yake, na alimaliza msimu na uokozi tano tu, lakini waliopiga kura ya mrushaji bora wa ligi walimweka nafasi ya tatu. Waliokuwa wakihesabu uokozi peke yake hawakuona kitu. Wetteland akaondoka kwenda Texas, Rivera akapewa ufunguo, na msimu wa 1997 akapata uokozi 43, idadi ileile. Alipostaafu mwaka 2013 alikuwa na 652, na hakuna aliyemfikia.

Somo hilo linahamia kwenye soka bila shida, mradi mtu asilibebe kama lilivyo. Swali la kwanza kuhusu mchezaji anayetokea benchi ni kwa nini ameingizwa. Kocha anayemwingiza mshambuliaji dakika ya 60 timu ikihitaji bao anampa nusu saa mbele ya mabeki waliochoka. Kocha anayemwingiza kiungo mkabaji dakika ya 88 timu ikiongoza anataka apoteze muda, na fantasi haimlipi kwa hilo. Wote wawili wameandikwa "akiba" kwenye karatasi. Kuwatia kapu moja ni kosa. Ole Gunnar Solskjær aliingia Manchester United ikiwa tayari inaongoza dhidi ya Nottingham Forest, Februari 1999, na bado akafunga mabao manne; Jermain Defoe alifikisha mabao 24 ya Ligi Kuu akitokea benchi. Hao walikuwa na kazi inayojulikana. Wengi wanaowafuata hawana.

Swali la pili ni nani yuko mbele yake na amesimama imara kiasi gani. Msimu wa 2024/25 ulipoanza, Jhon Durán wa Aston Villa alikuwa akiingia na kufunga huku mwenye namba, Ollie Watkins, akiendelea kuanza. Makundi ya fantasi yakagawanyika. Wapo waliosema huyu ndiye Rivera wa awamu ya nane, anunuliwe sasa kabla hajapanda bei. Hoja haikuwa mbaya, lakini ilisahau kwamba Wetteland aliondoka na Watkins hakuondoka. Aliyeondoka ni Durán mwenyewe, Januari 2025, kwenda Al-Nassr ya Saudi Arabia. Kipaji kilikuwepo, nafasi haikufunguka. Mtu anayemnunua mrithi anapaswa kwanza kuuliza kama kuna mirathi.

Warundi hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mifano, na hapa ndipo suala linapoacha kuwa la simu tu. Saido Berahino, aliyezaliwa Bujumbura na kufika Uingereza akiwa mtoto mkimbizi, alifunga mabao 14 ya Ligi Kuu akiwa West Bromwich Albion msimu wa 2014/15. Kwa mwaka ule Mrundi alikuwa ndani ya vikosi vya fantasi vya watu wasiojua Burundi iko upande gani wa ramani. Kisha nafasi ikaanza kuponyoka. Baada ya Februari 2016 hakufunga tena bao la Ligi Kuu, hata alipohamia Stoke City. Jina lilikuwa lilelile, na kuna walioendelea kulinunua kwa jina.

Amissi Tambwe ni hadithi ya upande wa pili. Alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara msimu wa 2013/14 akiwa Simba, kwa mabao 19. Katikati ya msimu uliofuata Simba ikamwachia, na Yanga ikamchukua. Msimu wa 2015/16 akawa mfungaji bora tena, mabao 21, kwa jezi ya mahasimu. Miguu yake haikubadilika alipovuka kutoka Msimbazi kwenda Jangwani. Kilichobadilika ni kazi aliyopewa. Saidi Ntibazonkiza naye, akiwa amevuka miaka 35, umri ambao wengi wangemfuta kwenye orodha, aliimaliza 2022/23 na mabao 17, sawa na Fiston Mayele, baada ya kuanza msimu Geita Gold na kuumalizia Simba. Penalti na mipira ya adhabu ilikuwa mikononi mwake, na mpiga penalti ana thamani hata siku anapocheza vibaya. Kama kungekuwa na fantasi ya ligi ile, anayejua kusoma kazi za wachezaji angemnunua mzee huyo kwa bei ya chini na kucheka hadi Juni.

Hesabu za namna hiyo kwa ligi za Afrika Mashariki zinakwama mahali pamoja. Msomaji ajaribu mwenyewe. Atafute mechi ya wiki iliyopita ya Flambeau du Centre ya Gitega au ya Messager Ngozi. Matokeo atayapata, na majina ya wafungaji. Dakika ambazo kijana aliyetokea benchi alicheza, nani alimpisha, timu ilikuwa inaongoza au inafuata alipoingia, hayo ni bahati kuyapata. Mpenzi wa soka wa Gasorwe anajua kwamba mshambuliaji fulani wa London hutolewa dakika ya 70 kila akicheza katikati ya wiki, na hajui ni nani anayemaliza mechi katika klabu iliyo saa chache kutoka nyumbani kwao.

Mtu atasema kuwa huo ni upungufu wa burudani, na ukanda huu una mambo mazito zaidi. Si kweli. Kumbukumbu ya dakika ni cheti cha mchezaji. Klabu ya Dar es Salaam, Kigali au Kampala inayotafuta mshambuliaji Burundi inaona mabao. Haimwoni kijana aliyecheza dakika 20 za mwisho katika mechi 18 na kubadili matokeo ya sita kati ya hizo kwa pasi, kwa kukaba, kwa penalti aliyoisababisha. Kijana huyo ni Rivera wa 1996, isipokuwa hakuna aliyemwandika. Na Gasorwe ina kambi ya Kinama, ambako wakimbizi wa Kongo wamehifadhiwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa kijana wa kambini, ambaye karatasi zake zote ni za taabu, ukurasa unaosema alicheza wapi na dakika ngapi ungekuwa na uzito kuliko ule wa mwenzake aliyezaliwa na kila kitu.

Besiboli ya Uganda ilionja ubaya wa karatasi. Kabla ya safari ya Lugazi, mwaka 2011, timu nyingine ya watoto kutoka Kampala ilikuwa imeshinda uwanjani haki ya kwenda Pennsylvania. Haikwenda. Ubalozi wa Marekani ulikataa viza kwa sababu nyaraka za umri na uzazi hazikukubaliana, na Saudi Arabia, ambayo Waganda walikuwa wameifunga, ikachukua nafasi yao. Watoto walikuwa wamefanya kazi yao. Maandishi ndiyo yaliyoshindwa.

Dawa ya soka haihitaji mkutano wa wakuu wa nchi. Mwamuzi wa kila mechi ya ligi huandika wachezaji waliobadilishwa na dakika zao. Ni sehemu ya ripoti yake. Taarifa ipo, inalala kwenye faili. Mashirikisho ya Burundi, Tanzania, Rwanda, Kenya, Uganda na Kongo yakikubaliana, chini ya CECAFA au nje yake, kuchapisha karatasi hiyo usiku uleule wa mechi, kwa mpangilio mmoja unaosomeka na kompyuta, kazi kubwa itakuwa imefanyika. (Kongo si mwanachama wa CECAFA, ni kweli, lakini imo ndani ya Jumuiya tangu 2022, na mashabiki wa Goma hawasubiri ruhusa ya mtu kuifuatilia Yanga.) Waliobaki, wale vijana wa programu za simu wa Nairobi na Kigali, hawahitaji kufundishwa namna ya kutengeneza ligi ya fantasi. Wanahitaji takwimu za kuilisha.

Ligi hiyo ikija, isinakili pointi za Waingereza neno kwa neno. Hapa ndipo uokozi wa besiboli unaweza kukopwa kwa akili. Mchezaji anayeingia baada ya dakika ya 70 timu yake ikiongoza kwa bao moja, na mechi ikaisha bila uongozi kupotea, apewe pointi mbili za kulinda. Bao moja, si matatu. Wamarekani walikosea walipoweka mikimbio mitatu, wakawalipa watu kwa kazi nyepesi kwa zaidi ya nusu karne, na ubishi wake haujaisha hadi leo. Anayeingia timu ikiwa nyuma na ikasawazisha naye apewe chake. Kwa kanuni hizo beki wa akiba wa timu ndogo angeanza kuwa na bei, na mabishano ya Ijumaa yangehamia kwenye swali gumu na tamu zaidi: ni kocha gani wa ukanda huu anayemwamini nani dakika 20 za mwisho?

Kuna jambo la fedha, nalo lisemwe bila kuzungukwa. Fantasi ya Waingereza ni bure kuingia, lakini makundi mengi huchangishana, na mchango ukikua unakuwa kamari yenye jina la heshima. Ligi ya ukanda ianze bila mchango wowote na izuie zawadi za fedha. Kampuni za kubashiri zitabisha hodi mapema kuliko wadhamini wengine wote. Zisifunguliwe.

Jumapili alasiri, uwanja wa Ingoma, Gitega. Timu ya nyumbani inaongoza bao moja, dakika ya 78 kocha anamwita kijana kutoka benchi, kijana anavua koti la mazoezi, anaingia. Mwamuzi wa akiba anaandika namba yake na dakika. Kwenye majukwaa kuna mtu aliyetoka Muyinga, ameinamia simu yake, anataka kujua kama mshambuliaji wake wa Kiingereza ameanza au amewekwa nje.